Mkwe Kwenye Kiti cha Nyuma

Sababu ya kuondoka kwangu Butimba Jumamosi ile ilikuwa moja tu: mke wangu Minza alikuwa amelichoka gari langu. Nasema gari, lakini yeye hata jina hilo halipi. Huliita "hicho kitu chako." Ni gari dogo la michezo, jekundu, milango miwili, lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika. Tena ni haibridi: lina injini ya petroli na mota ya umeme, na hivyo viwili husaidiana au hupokezana kadiri mwendo unavyotaka. Mbele kuna viti viwili vinavyokumbatia mgongo. Nyuma kuna kibenchi ambacho waliokitengeneza, nadhani, hawakuwa na ndugu.

Minza anataka gari la familia la viti saba, na siwezi kusema hana haki. Nyumba yetu haikauki wageni. Mtu akifiwa Magu, ni sisi. Mtoto wa shangazi akianza chuo, ni sisi. Lakini mimi nalipenda lile gari, na sioni haya kulisema. Kazi yangu ni kupima ardhi. Siku nzima nazunguka juani na vigingi, nikisuluhisha majirani wanaogombea mpaka wa upana wa kiatu. Jioni nikiingia mle ndani, nikakaa chini karibu na lami, nikaligusa likasogea bila kelele, nasahau kabisa umri wangu.

Sasa mama mkwe, anayekaa nje kidogo ya mji wa Sengerema, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na daktari wa Mwanza alimpangia afike Jumatatu. Ijumaa jioni Minza aliweka sahani mezani, akaketi, akanitazama.

"Baba Neema, kesho kamlete mama. Kamlete na hicho kitu chako. Akifika hapa bila kulalamika, kinabaki. Akilalamika hata mara moja, jirani yetu Odhiambo akichukue, tununue gari la watu."

"Nimekubali," nikasema. Mdomo huu! Sijamaliza kutafuna, nimeshakubali.

Usiku, usingizi ulipokataa kunijia, ndipo nilipokumbuka jambo lenyewe. Mimi ni Mjita, mke wangu Msukuma, na pande zote mbili mkwe si mtu wa kuzoea. Humpi mkono. Huketi naye mkeka mmoja. Akisema, unatazama chini. Na katika gari langu, dereva na abiria wa mbele viwiko vinagusana hata mkiwa mmegombana.

Asubuhi, Butimba. Minza hakuniachia safari peke yangu. Alimtuma rafiki yake Koku awe shahidi. Koku ni mwanamke wa Bukoba, wakili, na ni mgonjwa wa magari kuliko mimi. Anajua magari kwa mngurumo tu, akiwa jikoni. Alijikunja akaingia kiti cha mbele, akaipapasa dashibodi, akavuta pumzi.

"Shemeji, hapa ndipo utamu ulipo," alisema. "Ukikaa hivi unaisikia barabara matakoni."

"Umesikia, Minza?" nikapiga kelele dirishani.

"Mimi nasubiri kumsikia mama," Minza akajibu, akafunga geti.

Nyuma yetu alikuja Odhiambo na pikapu yake. Odhiambo ni jirani, mtu wa Mara kama mimi ila yeye Mjaluo wa Rorya, anauza vipuri vya magari mjini. Alisema anatusindikiza ili atuvute tukikwama. Uongo mtupu. Alikuwa ameshaniomba gari hilo tangu siku ya kwanza alipoliona, na alikuja kulinda kilicho chake mapema.

Saa mbili na kitu tulikuwa kivukoni Kamanga, pale pale mjini. Tungeweza kupita daraja la Busisi, lami moja kwa moja, lakini Koku alikataa katakata. Alitaka picha ya gari jekundu juu ya kivuko, maji nyuma, awarushie wenzetu wa kundi la wapenda magari. Wakati tunasubiri foleni, yeye na Odhiambo walianza ubishi wao wa kila wiki.

"Hebu niambie, wakili," Odhiambo alisema, ameegemea pikapu. "Mtu anayetaka kasi, ananunua lenye turbo. Anayetaka kubana mafuta, ananunua haibridi ya kawaida, zile wanazoendesha akina mama wa kwaya. Hili la Magesa huyu liko wapi? Mshika mbili moja humponyoka!"

"Mbona ugali unaula na mboga mbili na hazikuponyoki?" nikamjibu mimi.

"Lisemee vizuri, shemeji," Koku akadakia. "Odhi, wewe unapima gari kwa mwendo wa mwisho. Nani anafika mwendo wa mwisho Mwanza hii ya milima na bodaboda? Utamu wa gari hili ni pale linapoondoka. Mota ya umeme inasukuma kabla injini haijapiga mwayo. Halafu una vile vibonyezo vya gia nyuma ya usukani, unachagua mwenyewe. Halafu hesabu ni mangapi kama haya hapa mjini."

"Ndiyo ubaya wenyewe! Machache, basi na vipuri vichache. Na betri je? Betri ya haibridi ndiyo moyo. Ikifa, umebaki na kopo jekundu zuri sana."

"Sasa kopo unalitakia nini?"

Odhiambo akakuna kidevu. "Wakili, mimi sijasema sio zuri. Nimesema halina faida."

Nilicheka, lakini neno lile la betri liliniingia. Nililinunua gari bila kujua umri wa moyo wake.

Zamu yetu ilipofika, abiria walishuka kwenda kwa miguu, mimi nikabaki kwenye usukani. Mhudumu wa kivuko, mama mmoja wa makamo mwenye kizibao cha kung'aa, aliniongoza kwa mikono hadi mahali pangu.

"Baba, zima gari."

"Limezimika, mama." Maana injini kweli ilikuwa kimya.

Nikasogea nusu hatua kujiweka sawa. Gari likateleza bila sauti, watu wawili wakaruka pembeni.

"We baba! Zima gari nimesema!"

"Sasa nimezima kweli."

Alikuja akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa. "Na hili likiwa limewaka, mwenda kwa miguu anajuaje?"

Koku alisema hilo ni swali zuri kuliko yote yaliyowahi kuulizwa kwenye kundi letu. Akapiga picha zake, na mhudumu yule akaomba apigwe moja ameegemea mlango.

Ng'ambo ya Kamanga ndipo nilipotokwa jasho. Mlango wa kivuko ulilala juu ya zege ukafanya kona kali, na tumbo la gari langu halina kimo cha kona kama hiyo. Nilisimama nikiangalia, nyuma madereva wananipigia honi. Odhiambo akashuka kwenye pikapu yake na mbao mbili nene, akazipanga mbele ya magurudumu, akaniita polepole kwa vidole hadi nikavuka bila kukwaruza.

"Ulikuja na mbao?" nikamuuliza. "Asante sana, ndugu yangu."

"Silindi lako," alisema akizirudisha. "Nalinda langu."

Njia ya kwenda Sengerema ina lami kwa vipande, na vipande vingine ni vumbi na matuta. Kwenye matuta nilipita upande upande kama kaa, kwenye lami Koku akaniambia, "Haya, kanyaga mafuta." Nikakanyaga. Gari likaondoka, migongo ikashika viti, mihogo na nyumba za pembeni zikarudi nyuma, na wakili mzima wa mahakama akapiga vigelegele. Nilijisikia kijana. Kisha nikakumbuka ninakokwenda, nikapunguza.

Mchana, nyumbani kwa mkwe. Alikuwa ameshajiandaa, kitambaa kichwani, khanga mbili mpya, kiatu cha kanisani. Mama Nchambi ni mwanamke mrefu, mkavu, mcheshi, na macho yake sasa yalikuwa na ukungu kama kioo kilichopumuliwa. Nilisimama mbali, nikainama, nikatazama udongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mwadila," akaongeza salamu ya Kisukuma. "Huko mmeamkaje?"

"Salama, mama."

"Na hilo gari liko wapi? Sijasikia gari kuja."

Koku alimshika mkono akampeleka. Alilipapasa kutoka boneti hadi nyuma, polepole, kama anavyopapasa mtu ng'ombe wa mahari.

"Limelala sana. Lina rangi gani?"

"Jekundu, mama," nikajibu nikiwa pale pale mbali.

"Jekundu la tofali au la nyanya?"

"La nyanya iliyoiva."

"Basi majirani wameshaliona," akasema, na uso wake ukang'aa kwa furaha.

Tulipewa ugali na sato wa nazi ya hapa kwetu, yaani nyanya na chumvi. Mimi na Odhiambo tulikula sebuleni, mkwe na Koku ndani, kama inavyotakiwa. Baadaye ikaja shughuli ya kupanda. Koku alishaamua kurudi Mwanza kwa pikapu ili mama apate kiti cha mbele. Akafungua mlango, akamwelekeza. Mkwe aligusa kiti, akagusa cha pili, akapima kwa kiganja nafasi iliyo kati ya viti hivyo. Nafasi haikutosha kiganja.

"Hapana," akasema. "Niguse bega la mkwe wangu kutoka hapa mpaka Mwanza? Nitakuwa nimeng'olewa macho na adabu pia. Nitakaa nyuma."

"Mama, nyuma ni padogo mno," Koku akamsihi.

"Padogo ni pa mtu mwenye mapaja. Mimi yameshaisha."

Odhiambo akaja mbio. "Mama, pikapu yangu ina kiti kizima nyuma, unaweza hata kulala. Karibu."

"Wabeja, mwanangu. Lakini Minza amenitumia mkwe. Hajanitumia Odhiambo."

Mimi nilitaka kucheka na kulia. Nilimpenda mama yule pale pale, na papo hapo nikaogopa, maana nilijua kibenchi kile kinafanya nini kwa mgongo wa mtu. Koku alisukuma kiti cha mbele, mkwe akajikunja akaingia, akaketi upande upande, miguu ameiweka kushoto. Pembeni yake tukaweka kifurushi cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, ambavyo Minza asingemsamehe mtu kama vingesahaulika. Khanga yake ikajaza sehemu iliyobaki. Mimi nikaingia, nikaona kioo cha ndani kinaniletea uso wa mkwe wangu wazi wazi. Nikakigeuza kikatazama paa.

Tulitoka Sengerema hivyo, Koku akiwa nyuma yetu kwenye pikapu: mimi nikitazama mbele, kioo kikitazama juu, na mkwe nyuma yangu kimya. Kila shimo lilinipiga mimi kwanza. Nilisikiliza kama atalalamika. Hakulalamika. Mara moja alijisogeza, kitambaa kikasikika kikivutika, nikataka kuuliza, "Mama, uko salama?" Lakini mkwaruzo wenyewe ulikuwa wa nguo, na utaanzaje kumuuliza mkwe habari za nguo yake? Nikakaza macho barabarani.

Tulipokaribia Busisi alisema, "Mkwe, tukipanda daraja uniambie."

"Tumepanda, mama."

Magari yalikuwa machache. Nilipunguza mwendo, na injini ikajizima yenyewe, ukabaki umeme peke yake.

"Limezimika?"

"Hapana, mama. Linatembea kwa umeme. Halina kelele."

"Shusha kioo."

Nikavishusha vyote viwili. Upepo wa ziwa ukaingia. Chini kabisa mtu alikuwa akiita mwenzake kutoka mtumbwini, na ndege wa majini wakapiga kelele wakitupita. Vyote vilisikika. Ndani ya gari lolote lingine nililowahi kupanda nisingesikia hata kimoja.

"Hapa," alisema mkwe, "nilikaa na Minza mgongoni ana homa, tunasubiri kivuko, mtoto anachemka. Nikawa namwambia sikiliza maji, mama, sikiliza maji, ili asilale. Miaka yote nimeambiwa watajenga daraja. Sasa wamejenga, na mimi macho yameondoka." Akaelekeza uso kwenye upepo. "Si neno. Nitaliona nikirudi."

"Utaliona, mama," nikasema. Nilishukuru kwamba kioo kilikuwa kinatazama paa.

Tukashuka Kigongo, tukapita, tukawa tunaitafuta Usagara. Ndipo nyuma kitu kikaanza kulia, feni fulani, kwanza kwa chini, halafu kwa hasira. Taa nyekundu ikawaka mbele yangu na maandishi ya Kijapani yakajaa kwenye skrini ndogo ya dashibodi. Gari likapungua nguvu, likawa linajikokota. Nikalipeleka pembeni, karibu na wauza machungwa, likasimama.

Pikapu ikasimama nyuma. Koku akaja na simu yake, akaielekeza kwenye maandishi, simu ikayasoma kwa Kiswahili cha kuvunjika: betri ina joto kupita kiasi, simamisha gari.

Odhiambo alivua kofia. Nawaambieni, alivua kofia kama yuko msibani.

"Betri," akasema. "Nilisema. Ndiyo hiyo."

"Usianze," nikamwambia.

"Magesa, mimi ni rafiki yako. Moyo ukishachemka hivyo haurudi. Nitakuchukulia vivyo hivyo lilivyo, bei ya huruma, nikatafute betri mwenyewe. Leo leo."

"Rafiki gani huyu anayenunua mgonjwa kabla hajakata roho?"

Koku akaingia kati. Alisema seli za betri huchoka moja moja, siyo zote pamoja, na kwamba haibridi nyingi hutembea miaka bila taabu. Odhiambo akasema nyingi hizo hazikupita matuta ya Kamanga. Bodaboda wawili waliokuwa wakisubiri abiria wakajiunga. Mmoja akasema ni maji, mwingine akasema ni mafuta ya vituo vya pembeni, na muuza machungwa akasema gari la rangi ile huvuta kijicho cha watu. Kila mtu akawa fundi. Mimi nilisimama katikati yao nimeshika funguo, na nilijua limeshaondoka. Hata kama lingewaka tena, nani angekaa saa nzima juani kwenye kibenchi kile asilalamike? Nilimsikia Minza kabla hajasema. Iliniuma, nisiwadanganye, iliniuma kuliko nilivyotegemea.

Na mkwe bado alikuwa ndani. Katika zogo lote hakuna aliyemshusha, na mimi sikuweza kumwambia mkwe wangu, "Mama, hebu inuka." Nikamkonyeza Koku. Koku akakumbuka, akavuta kiti, akamtoa taratibu, akampeleka kivulini. Niliwaona wakinong'ona. Mkwe alinong'ona kwa muda mrefu, mkono mdomoni. Halafu Koku akainama akashika magoti, na kicheko chake kikasikika hadi ng'ambo ya barabara.

Alikuja anafuta machozi. "Shemeji! Mama anasema tangu mmetoka Sengerema kuna kitu nyuma kinamvuta khanga. Akivuta, kinavuta. Akaona aibu kukwambia. Ataanzaje kumwambia mkwe kwamba gari lake linamvua nguo?"

Nikaingiza kichwa nyuma. Ubavuni mwa kibenchi, chini, palikuwa na kitundu chenye wavu, ambacho betri huvutia hewa ya kujipoza. Nilikuwa nimekiona mara mia nikifagia, na sikuwahi kukijali kwa sababu hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa pale. Khanga ya mkwe ilikuwa imefyonzwa pale njia nzima, kifurushi cha michembe kikaishikilia. Yeye kwa heshima hakusema. Mimi kwa heshima sikugeuka. Na gari, halina mila, likakosa pumzi.

Tulifungua milango, tukaliacha lipoe. Koku alinunua machungwa tukala tumesimama. Kisha nikaliwasha: taa nyekundu ikatulia, ikazimika, feni ikashuka sauti. Odhiambo alitazama dashibodi, akatazama khanga ya mama, akaketi chini kwenye nyasi akacheka hadi akakohoa.

"Khanga!" alikuwa anasema. "Nilikuwa nanunua khanga!"

"Bei ya huruma umeiondoa?" nikamuuliza.

"Nimeiondoa. Nimerudi kwenye bei ya tamaa."

Mkwe akaja ameshikwa mkono. "Mkwe wangu," akasema, akitazama upande ambao sikuwapo, "adabu yetu imeshalifunga gari pua. Nipeni mbele."

Akaketi mbele. Akajifunika bega kwa khanga, kisha akaomba kifurushi cha michembe, akakiweka katikati yetu, juu ya mkono wa gia, akakigonga gonga kikae sawa. Huo ukawa mpaka. Mimi mpima ardhi nawaambia, sijawahi kuona mpaka uliokubaliwa upesi vile. Kioo nikakirudisha mahali pake, tukaenda.

Jioni jua likiwa bado lipo tuliingia Butimba. Minza alikuwa ameshafungua geti. Alimkumbatia mama yake, akamzungusha kama anayetafuta pale palipovunjika.

"Mama, pole na safari. Ilikuwaje?"

Odhiambo akajifanya anakagua gurudumu. Koku akalitazama ziwa, ingawa pale kwetu ziwa halionekani.

"Safari nzuri," akasema mkwe.

"Mmechelewa. Hamkusimama popote?"

Mkwe akajibu yeye mwenyewe.

"Tulisimama Usagara. Koku alitamani machungwa."

Koku akainua mfuko wa machungwa kama kielelezo mahakamani. Minza alitutazama mmoja mmoja. Alijua kuna kitu. Mke wangu hadanganyiki, ila ni mtu wa neno lake.

"Haya," akasema. "Kinabaki. Kwa sasa."

Wiki zilizofuata mkwe alitibiwa, jicho moja kisha la pili, na namshukuru Mungu na mikono ya madaktari. Siku alipofunguliwa macho kabisa nilikwenda kuwachukua hospitalini. Alitoka na Minza, akatembea mwenyewe, akasimama mbele ya gari. Akaliangalia mbele. Akaliangalia nyuma.

"Hiki?" akasema. "Mkwe, ndiyo hiki kilichonibeba? Mimi nilidhani mnatania!"

Walinzi wa getini walicheka nasi. Lakini siku ya kumrudisha Sengerema, Minza alipotaka kumkodishia gari kubwa, mama alikataa. Alikuja na kifurushi kidogo cha sukari na majani ya chai, akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akaketi, akakiweka katikati kwenye mpaka wetu. Minza alibaki amesimama na mkoba.

"Na mimi nikae wapi?"

"Nyuma," mama yake akamwambia. "Si ulisema unanisindikiza?"

Sijawahi kuona binadamu akijikunja kwa hasira vile. Magoti yake yaliugusa mgongo wangu hadi Nyegezi. Tulipofika Usagara mkwe akaonyesha kwa kidole, amefurahi kuona kila kitu. "Aa, ndiyo pale kwa machungwa. Ndipo lilipokata pumzi. Minza, khanga yako ishike mkononi, isizibe kile kitundu."

Nikasikia Minza akijisogeza mbele.

"Lilikata pumzi?" Minza akasema. "Mama, ulinidanganya?"

"Mpango wenu, Koku aliniambia, si ulikuwa nisilalamike? Nililalamika?"

 Nilimwona Minza kwenye kioo ameikusanya khanga yake yote kifuani, ameikumbatia kwa mikono miwili, mbali na kitundu. Mimi nilitazama mbele, nikiwaza yale yote Odhiambo na Koku waliyokuwa wakibishania kwenye foleni ya kivuko, kasi, mafuta, vipuri, bei. Yote ni kweli, na bado ningebishana nayo hata leo. Lakini katika safari ile nilijifunza kwamba thamani ya gari huwezi kuijua mpaka umpakie mtu ambaye kwake huna la kujidai, halafu unyamaze umsikilize. Sasa nilikuwa nasubiri hukumu kutoka kibenchi cha nyuma.

Tukapanda daraja. Nikapunguza mwendo, injini ikajizima, nikashusha vioo. Mkwe aliinua uso, akaliona: nguzo, nyaya, maji pande zote mbili, mitumbwi midogo kule chini.  Alitazama tu, mkono mmoja umeshika kifurushi, machozi yanashuka kwenye macho mapya.

"Minza," alisema baadaye, "sikiliza maji."

Minza alisogeza kichwa mbele, kikawa katikati yetu, juu kabisa ya mpaka. Tulikuwa tumekaribia mwisho wa daraja, na nikagusa mafuta kidogo ili tuchukue mwendo.

"Usiiwashe injini, Baba Neema," mke wangu akasema. "Liache hivi hivi."